Chakula cha Kutuvusha Januari Hadi Machi: Mwongozo kwa Familia ya Lubumbashi

Lubumbashi tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kwa hiyo mavuno makubwa ya mahindi yanakuja mara moja kwa mwaka. Aprili na Mei mahindi yanaanza kuingia mjini kutoka vijijini. Juni na Julai yamejaa sokoni na bei imelala. Desemba yanaadimika, na kuanzia Januari mpaka Machi unga unapanda huku mifuko ikiwa imeshakaushwa na sikukuu. Mama yeyote wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Ruashi anaijua hesabu hiyo bila kutazama kalenda. Tena unga wetu mwingi unatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, basi Zambia ikikosa mvua, kama mwaka 2024 ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, na sisi huku tunapunguza bukari (ugali).

Linaloniuma ni hili: mwenye pesa kidogo ndiye anayenunua unga kwa bei ya juu kuliko wote. Ananunua meka (bakuli la kupimia la sokoni) moja moja, na ananunua sana wakati bei iko juu. Mwenye mshahara wa uhakika alishaweka magunia yake Julai. Mwongozo huu ni wa kumsaidia yule wa meka moja moja naye anunue Julai, akihifadhi vizuri, ili Februari watoto wake wasilale na uji mwepesi.

Kwanza, jua nyumba yako inakula kiasi gani

Usianze na gunia, anza na sufuria. Kwa juma moja, pima unga kila unaposonga bukari na uandike. Ukikosa mizani, chagua kikombe kimoja kisichobadilika, kisha uombe kukipima kwenye mizani ya pale unaposagisha mahindi.

Kwa kulinganisha, posho ambayo mashirika ya msaada hutumia kama kipimo cha kawaida ni hii: kwa mtu mmoja kwa siku, gramu 400 za nafaka, gramu 60 za maharage au kunde nyingine, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Nyumba ya watu 6 inahitaji basi kilo 2.4 za unga kwa siku, yaani kilo 72 kwa mwezi. Maharage ni kama kilo 11 kwa mwezi, mafuta karibu lita 5, chumvi kilo moja pungufu kidogo. Wenye watoto wadogo wengi watatumia chini ya hapo. Wenye vijana wanaobeba mizigo au wanaochimba watapita.

Kwa miezi mitatu migumu, hesabu hiyo inafika kilo 216 za mahindi na kilo 33 za maharage. Namba hiyo isikutishe. Kuweka nusu tu kunatosha kubadilisha nyumba, kwa sababu Februari utakuwa unanunua meka moja mahali ulipokuwa unanunua mbili. Mwaka wa kwanza lenga gunia moja la mahindi na bidoni (dumu) moja la maharage. Ukifaulu, mwaka unaofuata ongeza.

Angalizo kuhusu meka yenyewe: meka ya huyu si meka ya yule. Kuna bakuli lililogongwa chini likainuka ndani, kuna anayejaza kichwa na kuna anayepitisha mkono kukata juu. Nunua meka moja kwa kila muuzaji unayemzoea, pima kwa kilo, kisha gawanya bei kwa kilo. Fanya hivyo hivyo kwa gunia. Hapo ndipo utaona unapoteza kiasi gani kwa kununua kidogo kidogo, na utajua kama gunia unalotangaziwa kweli ni rahisi. Lipo gunia linaloitwa la kilo 50 ambalo mizani inalikana.

Pesa ya gunia la kwanza

Hapa wengi wanakatia tamaa, na ninaelewa. Juni haina bonasi, na mwezi wa Septemba tayari unaitisha minerval (karo ya shule). Njia ninayoiamini kuliko nyingine ni kilemba (mchango wa pamoja unaopokewa kwa zamu), ila kilemba cha chakula, si cha pesa taslimu. Watu watano wanaofahamiana, wa kanisa moja au wa avenyu moja, wanaanza kutoa kidogo kila juma kuanzia Januari au Februari. Mwezi wa Juni pesa haigawanywi. Inanunua magunia kwa mkupuo. Magunia matano yakinunuliwa pamoja mnaweza kumtuma mmoja wenu barabara ya Kasenga au Kipushi, akanunua karibu na shamba na kugawana gharama ya gari. Kila mtu anapata mahindi siku ile ile, na hakuna anayekuwa wa mwisho kwenye zamu.

Kwa asiye na kilemba, ipo njia ya polepole: kila unapopata pesa kuanzia Juni, nunua meka moja zaidi ya unayokula juma hilo, na iwe ya mahindi ya punje, si unga. Itenge kwa akiba siku hiyo hiyo. Ukiiacha jikoni italiwa.

Namna ya kununua

Nunua mahindi ya punje, yaliyokauka, ya mavuno ya mwaka huu. Usikimbilie ya kwanza kabisa ya Aprili. Mengi yanakuja na maji ndani, yana uzito wa uongo na yataoza gunia zima. Subiri upepo mkavu wa Juni.

Mbele ya muuzaji, ingiza mkono katikati ya gunia, si juu. Ukisikia joto au ubaridi wa unyevu, acha. Uma punje: kavu inapasuka kwa sauti, mbichi inabonyea. Nusa. Harufu ya ukungu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Angalia kama kuna vumbi la unga chini na punje zenye matundu; hayo ni mahindi ambayo fukusi wameshaanza kuyala, na utawapeleka nyumbani kwako. Usione haya kumwambia: «Mama, nifungulie na lile la nyuma nilitazame.» Muuzaji mwenye mahindi mazuri hakatai.

Kwa maharage uliza jambo moja zaidi: ni ya mavuno gani? Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali pa joto na unyevu yanakuwa magumu. Unaweza kuyachemsha nusu siku yasiive. Bei yake ni ndogo, lakini tofauti yote utailipa kwa makala (mkaa). Mapya yana rangi inayong'aa, ya zamani yamefifia na kugeuka kahawia.

Kukausha, na hapa tafadhali usiharakishe

Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu ya kufuata neno kwa neno, ni hii. Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu zinaota kuvu, na kuvu hao wanaacha sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo huioni, huinusi, na moto wa jikoni hauiui. Inaharibu ini. Mwaka 2004 katika nchi ya Kenya, watu 125 walikufa baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Hayakuwa mahindi ya kutupwa jalalani. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, ya familia kama zetu.

Kwa bahati kiangazi chetu kinatusaidia: jua lipo, hewa ni kavu. Tandaza mahindi kwenye turubai au mkeka, tabaka jembamba, na uyageuze mara kadhaa kwa siku. Jioni yaingize ndani au yafunike, umande usiyarudishe nyuma. Usiyamwage chini kwenye udongo mtupu, hasa kwa sisi tunaokaa karibu na viwanda vya kuyeyusha shaba au kando ya barabara za malori ya migodi. Vumbi la huko lina madini ambayo hayafai kuingia mwilini mwa mtoto. Kwa wanaokaa huko, turubai liwe juu ya meza au kichanja, na mahindi yapepetwe kabla ya kusagwa.

Utajuaje yamekauka? Kuna kipimo cha chumvi ambacho hakikugharimu kitu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Kausha chumvi kwenye kikaango mpaka isigandamane, iache ipoe. Tia mahindi theluthi moja ya chupa na vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha chupa itulie kwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini, yamefaa.

Chagua pia kwa mkono. Punje nyeusi, zenye rangi ya kijani au zambarau, zilizovunjika na zilizokunjamana, zitoe. Karanga iliyokunjamana au yenye ladha chungu, itupe. Usimpe hata kuku.

Chombo na mahali pa kuweka

Gunia la kawaida linapitisha hewa, wadudu na panya. Linatosha kwa majuma machache, halitoshi mpaka Februari. Kinachofaa ni chombo kisichopitisha hewa: wadudu waliomo wanamaliza hewa, wanakufa, na wapya hawaingii. Ipo mifuko maalumu ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na gunia nje. Ukiipata sokoni ni ununuzi mzuri, maana inatumika zaidi ya msimu mmoja isipotobolewa.

Wasioipata watumie bidoni za plastiki za lita 20. Moja inabeba kama kilo 15 za mahindi au zaidi kidogo ya maharage. Ziwe zile za mafuta ya kupikia au maji. Ninasisitiza kwa sababu hapa mjini kwetu kuna mapipa na bidoni zilizotoka migodini, zilizobeba asidi na kemikali nyingine, na zinauzwa kwa bei ya kuvutia. Hakuna sabuni inayozifaa. Usipojua bidoni lilibeba nini, usiweke chakula.

Lioshe, likauke juani mdomo ukitazama chini, kwa siku mbili au zaidi. Jaza mpaka juu kabisa, ukitikisa ili punje zishuke, usiache nafasi ya hewa. Weka kipande cha plastiki mdomoni, funga kwa nguvu. Kisha usilifungue kwa mwezi mmoja na nusu hivi. Kila ukifungua kuchungulia unawapa wadudu pumzi. Ndiyo maana bidoni kadhaa ndogo ni bora kuliko pipa moja kubwa: unafungua moja, nyingine zinabaki zimelala. Andika kwa makala au kalamu tarehe ya kujaza.

Ziweke juu ya mbao au matofali, mbali na ukuta, mahali pasipovuja na pasipopigwa na jua.

Kuhusu dawa, nitasema kwa ukali. Wafanyabiashara wa maghala hutumia vidonge vinavyotoa gesi ya kuua wadudu, na vidonge hivyo vinafika mpaka kwenye meza za sokoni. Gesi ile inaua watu. Katika nyumba zetu gunia linakaa chumba kile kile wanacholala watoto. Kidonge kimoja ndani ya gunia lisilofungwa vizuri kinaweza kumaliza familia usiku mmoja. Usivitumie nyumbani, hata jirani akikuambia yeye hutumia. Wala dawa ya kupulizia pamba au nyanya isiguse chakula. Ukitaka kuongeza kinga kwenye maharage, changanya majivu ya jikoni yaliyochekechwa na kupoa. Utayaosha kabla ya kupika.

Usisage yote

Punje inakaa mwaka. Unga unaosagwa pamoja na kiini, ambacho kina mafuta, unaanza kuchachuka baada ya majuma machache, na ukishika harufu watoto wanaukataa. Kwa hiyo saga wa majuma mawili, usizidi matatu.

Tunapenda unga mweupe, najua. Lakini kukoboa kunaondoa sehemu nzuri ya kilo zako, pamoja na vitamini zilizo kwenye ganda na kiini. Ninashauri kwa miezi migumu usagishe bila kukoboa. Bukari inakuwa na rangi kidogo na inashiba zaidi. Kwa mtoto mdogo chekecha wa uji wake.

Wengi tunaongeza unga wa mihogo ili mahindi yafike mbali. Ni sawa, mradi mihogo michungu iwe imelowekwa siku tatu au nne kabla ya kuanikwa. Ikifupishwa sumu inabaki, na huko mkoa wa Kwango wapo waliopooza miguu kwa ugonjwa wa konzo kutokana na mihogo ya namna hiyo. Nunua kwa mtu anayejulikana.

Kitoweo cha akiba

Pesa ikipungua, familia nyingi zinakata kitoweo kwanza na kubaki na bukari na majani kidogo. Hapo ndipo mtoto anavimba miguu na nywele zinabadilika rangi, tumbo likiwa limejaa. Mahindi peke yake hayajengi mwili wa mtoto. Ukilazimika kukata, kata sukari, kata mkate, kata soda ya Jumapili. Maharage yabaki.

Kapenta (dagaa) mkavu, bitoyo (samaki waliokaushwa) na vinkubala (viwavi wanaoliwa) vinahifadhika vizuri vikikauka kweli. Vianike tena nyumbani kwa siku moja baada ya kununua, acha vipoe, kisha viweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Kiganja kimoja cha kapenta kilichotwangwa kinaweza kuingia kwenye uji wa mtoto au kwenye mchuzi wa lengalenga (mchicha), na samaki akawafikia wote badala ya baba peke yake. Vinkubala nunua msimu wake ukifika, si sikukuu inapokaribia.

Karanga zihifadhi na maganda yake ya nje. Menya unazotumia juma hilo tu. Unga wa karanga ndani ya kalembula (matembele) au majani ya maboga unatosha kuwa kitoweo kamili, bila nyama.

Majani yenyewe yanaweza kuwekwa. Mwisho wa mvua yanapokuwa mengi, yatose kwenye maji ya moto yenye chumvi dakika mbili tatu, yakamue, yaanike kivulini penye upepo. Jua kali linaondoa rangi na vitamini. Yakikauka mpaka yanavunjika mkononi, yaweke kwenye mfuko uliofungwa. Haya ni ya Agosti na Septemba, bustani zinapokosa maji.

Mafuta ya mawese yaweke gizani, kwenye chupa iliyofungwa. Usiyachome mpaka yawe meupe; wekundu ule ndio vitamini A ya macho ya mtoto.

Makala nayo ni chakula

Nimeona nyumba iliyoweka maharage vizuri ikashindwa kuyapika kwa sababu gunia la makala limepanda. Mvua ikianza makala yanalowa na bei inapaa, hivyo nayo yanunue kiangazi na uyafunike.

Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale. Chumvi na nyanya zisiingie mapema. Hasa nyanya, uchachu wake unayafanya yakawie kuiva. Yachemshe kwa nguvu dakika 20 hadi 30, mfuniko ukiwa juu. Kisha ondoa sufuria kwenye mbabula (jiko la makala), haraka, bila kufungua, uiweke kwenye kapu au katoni iliyojazwa blanketi kuukuu au nyasi kavu, uizungushie na kuifunika juu. Iache saa tatu au nne. Yataendelea kuiva kwa joto lake, na mbabula itakuwa huru kwa kazi nyingine. Ukitoa, yachemshe tena vizuri kabla ya kula. Hapo ndipo unatia chumvi, nyanya na mawese. Kipande cha kuchemsha usikiruke: maharage yaliyoiva nusu yanaumiza tumbo vibaya.

Pika ya milo miwili. Bila friji, sehemu ya pili ichemshwe tena jioni, ifunikwe, na iliwe mchana wa kesho yake, isivuke hapo.

Januari ikifika

Fungua bidoni la tarehe ya zamani kwanza. Toa ya majuma mawili, funga, na mtu mmoja tu wa nyumba awe na ruhusa ya kulifungua. Ndugu wakija na mikono mitupu, na watakuja, wape kilichopikwa. Ukitoa punje kila anapoingia mtu, Februari utakuwa sokoni na meka yako kama mwaka jana. Ni vizuri baba wa nyumba aseme hilo mapema mbele ya wote, mzigo wa kukataa usimwangukie mama peke yake.

Usingoje sokoni kuishe ndipo ufungue akiba. Anza kuitumia bei inapoanza kupanda, ukichanganya nusu akiba na nusu ya kununua, ifike Machi yote.

Mwezi wa Aprili akiba ya zamani iwe imeliwa. Ikibaki, ipime tena kwa chumvi na uichague punje kwa punje kabla ya kusaga. Magunia matupu yachemshe na uyaanike, bidoni zioshe na zikauke, toa mavumbi yote kwenye pembe za chumba, maana fukusi wa mwaka jana wanangojea humo mahindi mapya.